Deni la Hospitali Lina Mwenyewe

Tangu Ramadhani iliyopita, hapa Isevya tumesimama mara tatu baada ya swala ya Ijumaa kuwaomba waumini wachangie deni la matibabu ya mtu aliyeumia kazini. Mara zote walitoa, Allah awalipe. Na mara zote sisi kamati hatukuuliza swali lililopasa kutangulia: aliumia katika kazi ya nani?

Wa tatu alikuwa kijana saidia fundi, aliyeanguka kutoka juu ya paa akavunjika paja. Mwajiri alimfikisha hospitali, akalipa ya siku ya kwanza, kisha simu yake ikawa haipokelewi. Tukakusanya, tukalipa, na kwa furaha ya kumwona kijana anatoka, stakabadhi tukaiacha dirishani kwa mhasibu. Miezi miwili baadaye mzee mmoja wa jamaa yetu, mstaafu wa serikali, akatuambia kwamba deni lile lilikuwa na mwenyewe.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Kila mwajiri wa Tanzania Bara, wa umma na wa binafsi, anatakiwa kujiandikisha na kuuchangia. Mchango huo ni juu yake yeye. Haukatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Ajali ikitokea, hupaswa kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku 7, na dai lisilofikishwa ndani ya miezi 12 huweza kupotea. Matibabu ni miongoni mwa mafao, na gharama zilizokwisha kulipwa hudaiwa kwa stakabadhi. Ile ile tuliyoiacha dirishani.

Kijana alitujibu kwamba hana mkataba. Hakuwa na karatasi, lakini alikuwa na meseji za malipo ya kila Jumamosi na wenzake wanne waliomwona akianguka. Kukosa mkataba wa maandishi si kukosa mwajiri. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kushuhudisha. Nasi tunaisoma vizuri sana, kisha tunaajiriana kwa kuitikiana vichwa.

Mji huu wa Tabora ulijengwa kwa mabega ya wapagazi. Aliyeugua njiani kati ya hapa na Bagamoyo mara nyingi aliachwa, mzigo wake akatwishwa mwingine, msafara ukaendelea. Tulipopitisha sanduku bila kuuliza, tuliwatwika waumini mzigo wa mtu aliyekwisha kwenda zake.

Hatusemi sadaka isitolewe. Wapo mama lishe, wapo vijana wa bodaboda wanaoendesha pikipiki zao wenyewe, wasio na mwajiri wa kumdai. Wadeni wametajwa katika mafungu manane ya zaka, na hao ndio wanaongojea sanduku tulilokwisha kulimaliza.

Stakabadhi tumeiombea nakala. Mwezi wa tano sasa tangu ajali, na dai la kijana limekwisha andikwa. Limebaki moja, nasi tunalisema kwa haya: msikiti wetu una mlinzi na mfagizi wanaolipwa kila mwisho wa mwezi, na kamati haijawahi kujiandikisha kama mwajiri. Fomu zimejazwa. Jumatatu, inshaAllah, zinapelekwa.