Leteni Mtu Anayesikia

Najua nimekuwa kimya. Wengine mmeniandikia kuuliza sehemu ya tatu ya yale makala ya hifadhidata iko wapi. Itakuja. Leo sina somo la programu. Leo nina hasira, na kwa kuwa blogu ni yangu, mtanivumilia.

Kisa chenyewe ni hiki. Ndugu yangu mkubwa ni kiziwi tangu utotoni. Yeye na marafiki zake wanane, wote viziwi, wanapenda kupiga kambi. Si kambi ya semina wala ya kanisa. Ni kwenda tu: hema, sufuria, nyama ya kuchoma, Bonde la Ufa, wikendi ya kwanza baada ya mshahara. Safari hii walichagua kambi moja ya kulipia iliyo kando ya mto. Jina lake naliacha, kwa sababu ugonjwa huu si wa kambi moja.

Fomu kwenye tovuti ilipokea kila kitu: majina, tarehe, idadi ya hema. Mwishoni ikaandika: "Tutakupigia simu kuthibitisha." Hakuna kisanduku cha kuchagua ujumbe mfupi. Simu ikaja mara tatu, ikatetemeka mfukoni mwa ndugu yangu, akaitazama tu. Akawaandikia: mimi ni kiziwi, tafadhali nijibuni kwa maandishi. Wakapiga tena! Mwishowe akanitumia namba yao nikapiga mimi.

Mama aliyepokea alikuwa mpole sana. "Kaka, sisi hatubagui mtu. Lakini watu tisa wasiosikia, usiku, kando ya mto? Kukitokea jambo tutawaambiaje? Leteni mtu mmoja anayesikia, basi hakuna shida."

Mtu anayesikia nikawa mimi. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta na miaka kadhaa ya kuandika programu, lakini wikendi hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kuwa na masikio.

Nilichojifunza usiku wa kwanza ni kwamba adui wa kiziwi kambini ni giza, wala si ukimya. Lugha ya Ishara inaonwa. Taa ikizimika, mazungumzo yamekatika. Kwa hiyo hawa jamaa hupanga kambi yao kwa makini kuliko mtu yeyote ninayemjua. Wanakaa duara moja, kila mtu amwone kila mtu. Moto hauachwi nyuma ya anayezungumza, maana uso na mikono yake hubaki kivuli. Tochi ya kichwa haivaliwi kichwani, kwa sababu ukimtazama mwenzako unampofusha. Huning'inizwa shingoni, ikamulika mikono ya mwenyewe. Mimi niliivaa kichwani nikazomewa kwa ishara na watu tisa kwa pamoja.

Kisha wakafunga kamba nyembamba kutoka hema hadi hema. Ndani ya kila hema mwisho wa kamba ulifungwa kwenye mkono au mguu wa mmoja wao. Wakachomeka fimbo ukingoni mwa mto, wakagawana zamu za saa mbili mbili. Mwenye zamu kazi yake ilikuwa kumulika ile fimbo kila baada ya muda. Nilicheka kidogo. Ndugu yangu akaniuliza kama nami nataka kamba. Nikamwambia mimi nina masikio.

Mnajua kilichofuata. Usiku wa manane mvua ilishuka. Askari wa kambi aliona mto unapanda, akapiga filimbi, akaita kwa sauti. Hayo nilisimuliwa asubuhi, kwa sababu mimi sikusikia chochote. Mvua ikipiga turubai ya hema, filimbi iliyo mbali ni kama haipo. Aliyeniamsha ni ndugu yangu, akinivuta mguu. Maji yalikuwa yamefika kwenye fimbo, mwenye zamu akavuta kamba, na watu wanane wakawa macho papo hapo. Wa kumi, yule aliyeletwa kuwalinda, alikuwa anakoroma. Tulihamisha kila kitu juu ya mwinuko. Kulipokucha, mawe yetu ya kupikia yalikuwa ndani ya maji.

Hakuna aliyeumia. Lakini tusichukulie mzaha. Mnamo Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba katika korongo la Hell's Gate. Mwanzoni mwa Mei 2024 mto Talek ulifurika kule Maasai Mara, kambi zaidi ya kumi zikafunikwa na maji, na baadhi ya watalii wakatolewa kwa helikopta. Maji ya Bonde la Ufa hayapigi hodi. Mvua inaweza kunyesha milimani wakati wewe unaota jua.

Sasa hoja yangu. Yule mama aliuliza swali zuri: tutawaambiaje? Kosa lake, na letu sote, ni kudhani jibu ni kuwatafutia viziwi masikio ya kuazima. Onyo linalotegemea sauti pekee ni onyo bovu, hata kwa anayesikia. Anayesikia hulala fofofo, huvaa visikizi, hulewa, hunyeshewa. Sisi watengenezaji programu tunajua mfumo ambao sehemu yake moja ikifa wote umekufa. Tungeletewa seva ya namna hiyo tungeikataa. Mbona kambi tunaikubali?

Na msidhani hili ni tatizo la nchi maskini. Marekani kuna viziwi wengi wanaosafiri kwa magari-nyumba, yale yenye vitanda na jiko ndani. Haki ya kuendesha waliipigania: katika miaka ya 1920 baadhi ya majimbo yalikataa kuwapa viziwi leseni, na chama chao cha kitaifa kikasimama kidete. Gari-nyumba linamfaa sana kiziwi. Usiku ukiingia unawasha taa, mnakaa kuzunguka meza, mnaendelea na mazungumzo huku wenye hema wanapigana na tochi. Lakini ndani ya gari hilo hilo kuna jiko la gesi, na kuna vigunduzi vya moshi, vya gesi na vya kaboni monoksidi. Vya kawaida hufanya nini vikigundua hatari? Vinalia. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na unayemwonya amelala hasikii.

Dawa ipo miaka mingi. Kuna taa za kumweka kwa nguvu, na kuna kitetemeshi kinachowekwa chini ya mto wa kulalia au godoro. Utafiti umeonyesha kwamba taa peke yake haiwaamshi wengi waliolala, na kwamba kutikiswa kunafaa zaidi. Lakini vifaa hivyo hununuliwa kando, kwa pesa za kiziwi mwenyewe, kana kwamba kuamka ni anasa. Sisi huku gari-nyumba ni nadra, ila tunaingiza jiko la makaa ndani ya hema kwa sababu ya baridi ya Naivasha. Gesi ni ile ile. Usifanye hivyo, uwe unasikia au husikii.

Fani yetu ina deni la zamani hapa. Simu ya Alexander Graham Bell ilipata hataza mwaka 1876. Mama yake Bell alikuwa na uziwi, mkewe alikuwa kiziwi, na yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa viziwi. Bado chombo alichokitoa kiliwafungia viziwi nje kwa karibu miaka 90. Aliyefungua mlango ni kiziwi, mwanafizikia Robert Weitbrecht, ambaye mnamo 1964 aliunganisha mashine ya taipu na simu kwa modemu ya kuegeshea mkono wa simu. Modemu za namna hiyo baadaye ziliunganisha kompyuta nyingi na laini za simu. Vint Cerf, mmoja wa waliobuni itifaki za intaneti, naye ana udhaifu wa kusikia. Kila unapotuma ujumbe badala ya kupiga simu, unakula matunda ya watu ambao yule mama angewaambia walete mtu anayesikia.

Najua mtakachosema. La kwanza: ni wachache. Wachache kiasi gani ndipo mtu aruhusiwe kuzama? Tena babu yako akifika miaka 75 atajiunga nao, na wewe uko kwenye foleni.

La pili: ni gharama. Kamba ya ndugu yangu ilitoka dukani kwa bei ya soda chache.

La tatu: siku hizi simu zinatambua sauti. Kweli, tangu 2020 iPhone na Android zinaweza kusikiliza king'ora zikatetemeka. Lakini Apple wenyewe wanaonya usitegemee kipengele hicho wakati wa hatari. Na kama mimi sikusikia filimbi kwenye ile mvua, simu iliyo ndani ya begi itaisikiaje?

Kwa hiyo, wenzangu mnaoandika programu za kuweka nafasi, za tahadhari, za usalama, nawaomba haya:

1. Kila fomu inayouliza namba ya simu iulize pia: tukupigie au tukuandikie? Ni safu moja tu kwenye jedwali, kazi ya dakika kumi.

2. Kila arifa ya hatari iwe na njia tatu: sauti, mwanga, mtetemo. Usimwachie mtumiaji kuzitafuta kwenye mipangilio. Ziwashwe tangu mwanzo.

3. Namba ya dharura isiyopokea maandishi haijakamilika. Msiandike "piga simu" mkaondoka.

4. Kabla ya kuzindua, zima spika ya simu yako na utumie programu yako siku nzima. Halafu mlipe kiziwi aijaribu. Mlipe, usimwombe msaada.

Na nyinyi wenye kambi: nunueni taa kubwa ya kumweka, iwekeni juu ya mlingoti, mwambieni kila mgeni maana yake anapoingia. Askari apewe tochi na ruhusa ya kutikisa hema. Wekeni alama mtoni, rangi tu kwenye mwamba. Hayo yatawaokoa hata Wazungu wenu waliolala na visikizi masikioni.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia Lugha ya Ishara. Hakuna mahali imeandikwa "akiwa na mtu anayesikia".

Mwezi ujao tunarudi, mto mwingine. Nimeambiwa naweza kuja kwa sharti moja. Ndugu yangu aliliandika kwenye simu akanionyesha mbele ya wenzake wote: "Njoo, lakini uletwe na mtu anayeona." Na kamba yangu nimeshanunua.

Maoni hapo chini. Matusi nitayafuta, hoja nitaziacha. Kama una kambi, au unamjua mwenye kambi, mpelekee haya kabla ya mvua za masika.