Asiyeona Asiachwe Mlangoni mwa Chuo

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Sisi watu wa Pwani twaitumia sana methali hii, hasa tunapomkanya mtoto anayemcheka kilema njiani. Lakini nadhani tumeipunguza. Tumeifanya methali ya kukataza kicheko tu, wala hatujaifanya methali ya kutoa msaada. Nalisema hili kwa sababu ya usiku mmoja nilioulala Kiganjo.

Kiganjo niitajayo si ile ya Nyeri yenye chuo cha polisi. Hii ni ya Thika, na huko ndiko mwana wa ndugu yangu alikopanga chumba. Kijana huyu haoni tangu utotoni. Alianza masomo katika shule ya wasioona ya Likoni, sekondari akaisomea Thika, na sasa yu mwaka wa pili katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, kwani sikushika kalamu kumshitaki mtu.

Nilipobisha alinitambua kwa kikohozi changu. "Shikamoo, ami," akasema, akanipa kiti na chai. Nikamwuliza habari za masomo. Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu: "Ami, mwalimu huandika ubaoni, akasema: hii ikitoka hapa ikaenda pale, twapata hii. Mimi hubaki kujiuliza, hii ni ipi, na pale ni wapi?"

Mwaka wa kwanza alikuwa na rafiki aliyemsomea maandishi ya darasani kila usiku. Muhula huu rafiki yule amepelekwa mbali kwa mafunzo ya kazi, na tangu hapo mwana wetu amekuwa akilisikiliza darasa kama mtu asikilizaye ngoma ya mtaa wa pili. Mtihani mmoja ameanguka. Aliniambia waziwazi kuwa anafikiri kurudi nyumbani.

Rafiki yule hana lawama. Thawabu yake iko kwa Mola. Lakini elimu ya mtu haifai kutundikwa kwenye hisani ya mtu mmoja, kwa kuwa mwenye hisani huhama, huugua, huoa. Kinachotakiwa ni utaratibu usiohama.

Na ajabu ni kuwa haya yatokea Thika. Huko ndiko iliko shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, ambayo imewasomesha wasioona wengi wa nchi hii. Iko pia shule ya Joytown kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Katika shule ya namna hii mtoto asiyeona hupewa vitabu vya breli, yaani yale maandishi ya nukta zinazosomwa kwa vidole, na walimu wake wanajua kumfundisha. Ufikapo mtihani wa taifa, Baraza la Mitihani humletea karatasi ya breli na kumwongezea muda. Basi mtoto huyu ajengewa daraja tangu darasa la kwanza hata amalize sekondari, halafu aingiapo chuoni akute daraja limekatika, naye yuko katikati ya mto.

Msinijibu kuwa sheria hakuna. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia katika vyuo, na haki ya kutumia lugha ya ishara na breli. Kabla yake, sheria ya mwaka 2003 ilivitaka vyuo vizingatie mahitaji ya wanafunzi hawa katika mitihani, katika ratiba na katika majengo. Mwaka 2025 imepitishwa sheria mpya badala ya ile. Tena mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh uliofikiwa mwaka 2013, ambao waruhusu kitabu kigeuzwe kuwa cha breli au cha sauti kwa ajili ya wasioona bila kumwomba idhini mwenye haki za kitabu. Karatasi tunazo. Kilichopungua katika vyuo vingi ni mtu wa kuzitekeleza.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kila chuo kiwe na ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Mwanafunzi anapoandikishwa, aulizwe anahitaji nini. Asiyeona atapata msomaji, kiziwi mkalimani wa ishara, mwenye kiti cha magurudumu darasa la chini, na yule ambaye herufi humvurugika machoni atapata muda na mwalimu mvumilivu. Kisha ofisi hiyo imwandikie kila mwalimu wake, ili kijana asiwe wa kuanza kujieleza upya katika kila darasa kama mwombaji.

Najua wakuu wa vyuo watalia gharama. Ni kweli mashine ya kuandikia breli ni ghali, na kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa breli huwa mabuku kadhaa. Lakini mwalimu kutamka kwa sauti kile anachokiandika ubaoni kwagharimu nini? Kumpelekea mwanafunzi maandishi ya somo siku moja kabla kwagharimu nini? Siku hizi iko programu ya kompyuta iitwayo NVDA, inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kompyuta, nayo haiuzwi, hupewa mtu bure.

Wengine watasema huu ni upendeleo. Sivyo. Kidole husoma polepole kuliko jicho. Kumwongezea asiyeona muda wa mtihani si kumpa alama. Ni kumpa ule muda wa kufikiri ambao mwenziwe amekwisha kuupata kwa kusoma haraka.

Wala tusidhani kuwa kipofu na elimu ya juu ni mambo mageni kwetu. Kila aliyepita madrasa ameisikia habari ya Abdallah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona, ambaye kwa ajili yake iliteremka Sura ya Abasa, na ambaye aliadhini mjini Madina. Alikuja kutafuta elimu, na kisa chake chatufundisha kuwa mtafuta elimu hageuziwi uso. Karibu na zama zetu yuko Taha Hussein wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1889 na kupofuka akiwa mtoto mdogo. Alisoma Azhar, akapata shahada ya udaktari mjini Cairo mwaka 1914, akaenda Ufaransa kuongeza elimu, na mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu wa nchi yake. Lakini hakufika huko peke yake. Alikuwa na watu wa kumsomea, na mmoja wao, Suzanne, ndiye aliyekuja kuwa mkewe. Akili ilikuwa yake, macho ya kusomea aliazimwa.

Hapa nawageukia ndugu zangu wa Pwani. Kila Ijumaa, tutokapo msikitini, twamkuta kipofu mlangoni, twamtilia sarafu mkononi na kwenda zetu tukiwa tumeridhika. Simkatazi mtu sadaka. Nauliza tu: je, tumepata kufikiri kuwa watu kumi wa msikiti mmoja, wakichanga kila mwezi, wangeweza kumlipa msomaji wa kijana mmoja aliye chuoni? Kijana huyo akihitimu atakuwa mwalimu au mwanasheria, naye hatahitaji sarafu ya mtu. Na wako wazazi ambao mpaka leo humficha mtoto wao chumba cha uani, wakidhani mwisho wake ni pale mlangoni. Watamtoa vipi, iwapo wanaona hata aliyesoma hadi chuoni arudi nyumbani na sanduku lake?

Mwana wetu hajarudi bado. Asubuhi nilipoagana naye nilimwomba asifunge sanduku mpaka muhula uishe, akaniahidi. Aliniuliza, "Na muhula ujao, ami, nani atanisomea?" Sikuwa na jibu la kumpa. Swali hilo nawaachia wenye vyuo, na sisi tulio wazazi na jamaa wa vijana hawa.