Siku ya Tatu Haina Mwenyewe

Taifa linalojivunia takwimu halina budi kuzisoma zote, si zile zinazolipamba pekee. Tanzania ina haki ya kujipongeza kwamba vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16 hadi 43 katika ule wa 2022. Hata hivyo, tafiti hizo hizo zina mstari usiosomwa majukwaani: vifo vya watoto wachanga, yaani wale wasiotimiza mwezi mmoja, vilishuka kutoka 25 hadi 24 tu.

Chanjo na vyandarua vimefanya kazi yake kwa watoto wakubwa. Mtoto wa siku tatu hahitaji kampeni. Anahitaji mtu mwenye ujuzi, aliye karibu naye, kwa wakati.

Tutazame manjano ya watoto wachanga. Takribani watoto sita kati ya kumi waliotimiza miezi yao tumboni hupata manjano katika wiki ya kwanza, na watoto njiti huathirika zaidi. Ini changa huwa halijamudu kuondoa bilirubini, rangi itokanayo na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Kwa wengi hali hiyo hupita yenyewe. Kwa wachache bilirubini hupanda hadi kuudhuru ubongo, na matokeo yake ni uziwi, mtindio wa ubongo au kifo.

Tiba yake si siri. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward alibaini kwamba ngozi ya mtoto iliyopigwa na jua ilipoteza umanjano. Madaktari hawakuishia kuwaagiza akina mama waanike watoto juani, kwa kuwa jua halina kipimo. Walitengeneza taa, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yake. Leo, zaidi ya miaka sitini baadaye, wazazi wengi bado huambiwa, “Muoteshe jua la asubuhi,” kisha wakarudishwa nyumbani.

Hapo ndipo lilipo tatizo la kisera. Manjano hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wabaki kituoni angalau saa 24, kisha waonwe tena kati ya saa 48 na 72. Lakini wodi zilizofurika huwatoa mapema, na siku ya tatu humkuta mtoto nyumbani, mbali na jicho la mtaalamu.

Mtoto akipata madhara, lawama humwangukia mama: “Amechelewa kumleta.” Je, nani alimweleza kwamba ngozi nyeusi huficha rangi hiyo, hivyo atazame weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo? Nani alimwambia kwamba manjano yanayojitokeza ndani ya saa 24 za kwanza, au mtoto kukataa kunyonya na kulala bila kuamshika, ni dharura? Kumlaumu mtu kwa elimu aliyonyimwa ni dhuluma.

Lengo la dunia kwa mwaka 2030 ni vifo vya watoto wachanga visivyozidi 12 kwa kila vizazi hai 1,000. Hatutalifikia kwa majengo matupu. Kila hospitali ya wilaya inahitaji kipimo cha bilirubini, taa zinazowaka na umeme usiokatika. Na kila mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe wajibu, mafunzo na posho ya kubisha hodi siku ya tatu.

Basi, ndugu msomaji, kiongozi wako atakapoomba makofi kwa ajili ya wodi mpya ya wazazi, muulize mambo mawili: taa za kutibu manjano zinazofanya kazi humo ni ngapi, na nani huwafuata watoto waliokwisha kuruhusiwa?