Mzee Mwinyi alijua ataulizwa

Watanzania hatujambo kwa kumsifu marehemu. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipofariki dunia jijini Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024, miezi miwili na ushei kabla ya kutimiza miaka 99, sifa zilimiminika: mpole, mcha Mungu, baba wa familia, mzee wa watu. Sizipingi hata moja. Ubaya wa sifa za msibani ni kwamba hazimpi kazi aliye hai. Unaitikia amina, unasaidia kupanga viti, unakula wali wa matanga, unarudi kwako vilevile ulivyotoka. Ningependa safari hii tuchukue jambo moja tu katika maisha yale marefu, tuondoke nalo, na likituchoma tulivumilie.

Mwaka 1976, huko Usukumani, vikongwe walikuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Serikali ikaendesha msako. Watu wengi walikamatwa Mwanza na Shinyanga, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mwinyi. Hakuna aliyedai kwamba yeye ndiye aliyeshika rungu. Hata hivyo, Januari 1977 alijiuzulu, kwa sababu waliofanya yale walikuwa chini ya wizara yake. Viongozi wengine nao wakaachia ngazi.

Siku hizi tumezoea utaratibu mwingine. Jengo likiporomoka au fedha zikiyeyuka, mkubwa anaunda tume, anasimamisha watendaji wa chini, na wa kwanza kuhojiwa ni mlinzi wa getini. Mwinyi hakumtafuta mlinzi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Mlutheri wa Lushoto, binti wa mzee wa kanisa, na sioni taabu kumtaja Mwislamu huyu ninapotafuta mfano wa imani. Katika mafundisho aliyolelewa nayo, kila mtu ni mchungaji na kila mchungaji ataulizwa juu ya kundi lake: kiongozi kwa raia zake, baba kwa watu wa nyumbani mwake. Nasi kanisani tumehubiriwa hilohilo miaka nenda miaka rudi, kwa mfano wa talanta. Wengi tunakubali kuulizwa na Mungu, maana tunaona siku yenyewe bado iko mbali. Kuulizwa na wanadamu, leo, na majibu yakasikika, hapo ndipo imani zetu zinapokwama.

Yeye aliyapata wapi mazoea ya kukubali kuulizwa? Mwinyi alizaliwa Kivure, Mkuranga, tarehe 8 Mei 1925, akavushwa kwenda Unguja angali mtoto. Alisoma Mangapwani na Dole, akawa mwalimu, akarudi Mangapwani kufundisha na baadaye kuiongoza shule. Alikwenda Uingereza kuongeza elimu ya ualimu, na aliporudi akakabidhiwa chuo cha ualimu Zanzibar. Nimekuwa mwalimu mkuu, naijua kazi hiyo. Choo kikititia, mtoto akivunjika mkono, chaki zikiibwa, mzazi hamwendei fundi wala mlinzi. Anaingia ofisini kwako, kanga imefungwa kibwebwe, na swali lake ni moja: ulikuwa wapi? Ukijibu kwamba hukuwepo, umekwisha. Nadhani Mwinyi aliingia wizarani akiwa na masikio ya mwalimu mkuu.

Na kujiuzulu hakukummaliza. Alikwenda Misri kuwa balozi, akarudi kwenye uwaziri, na mwanzoni mwa 1984 Aboud Jumbe alipojiuzulu, yeye ndiye aliyeshika nafasi ya Rais wa Zanzibar. Tarehe 5 Novemba 1985 aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Wanaong'ang'ania viti kwa hofu kwamba mtu akiondoka amezikwa, watazame tarehe hizo.

Nchi aliyokabidhiwa ilikuwa hoi. Nyumbani kwetu mama alifulia majani ya mpapai, kwa kuwa sabuni ilikuwa haionekani. Kwenye duka la kaya tulipanga mawe foleni, kila jiwe na mwenyewe, na mara nyingi tuliyaokota jioni bila kupata kitu. Mlango ulianza kufunguliwa 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuhojiwa walikozitoa. Mwinyi akaufungua kabisa, mwaka 1986 akakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na watu wakambatiza Mzee Rukhsa. Mama aliponunua mche wake wa kwanza wa sabuni baada ya muda mrefu, aliukata kwa uzi vipande vidogo, akavianika vikauke visije vikaisha upesi. Nilikuwa binti mkubwa tayari, na bado naikumbuka harufu ile ndani ya nyumba.

Simfanyi malaika. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha, na wengi wa rika langu tunaamini hapo ndipo cheo kilipoanza kuwa mtaji. Mwishoni mwa 1994 wafadhili walizuia misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi na kodi isiyokusanywa. Mwalimu Nyerere aliandika kitabu kizima, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kuukosoa uongozi wa wakati ule. Hayo yamo kwenye daftari la Mwinyi na hayafutiki kwa sababu amefariki. Ninachompa ni kwamba alisemwa akiwa Ikulu, akiwa na dola mkononi, na akavumilia kusemwa. Mwaka 1992 chini yake nchi iliingia mfumo wa vyama vingi, ingawa wengi waliotoa maoni mbele ya Tume ya Nyalali walitaka chama kimoja kiendelee. Mwaka 1995 muda wake ulipokwisha, aliaga na kuondoka.

Kisha kuna lile tukio la Machi 2009, katika Maulid ukumbi wa Diamond Jubilee. Mzee alikuwa na miaka 83, amesimama anahutubia, amefika kwenye suala la kujikinga na UKIMWI. Kijana mmoja akapanda jukwaani akamzaba kibao. Watu walipiga kelele, kijana akakamatwa. Mzee akatulia kidogo, kisha akaendelea na hotuba yake. Mtaani kwetu walisema ule ni upole. Mimi naona ni zaidi ya hapo: heshima ya mzee yule haikuwa imewekwa shavuni, kwa hiyo kofi halikuiondoa.

Sasa nirudi kwa baba wa familia, maana sifa hii ndiyo tuliyoitamka sana msibani na ndiyo tuliyoifikiria kidogo. Mwinyi alikuwa na familia kubwa, na aliishi hadi kumwona mwanawe Hussein akichaguliwa Rais wa Zanzibar mwaka 2020, hivyo wakawa jozi ya pili ya baba na mwana kushika kiti kile baada ya akina Karume. Magazeti yaliandika sana juu ya fahari hiyo. Mimi nawafikiria akina baba wasio na mwana wa kuapishwa.

Baba yangu mwenyewe alikuwa mcha Mungu. Hakukosa ibada, hakugusa chakula bila sala, aliishi miaka mingi na tulimzika kwa heshima. Siku moja alimchapa kaka yangu kwa pesa iliyopotea. Jioni pesa ikaonekana ndani ya kitabu chake cha nyimbo, alimoiweka mwenyewe. Alitoka, akarudi na mua, akamkabidhi kaka pasipo neno. Kaka aliula mua wote. Leo ni mtu mwenye wajukuu, anavikumbuka viboko na anaukumbuka mua, ila neno lenyewe hakulipata hadi baba anaingia kaburini. Najua haya si ya nyumba yetu tu. Tumelelewa na wanaume wema, waaminifu, waliotusomesha kwa jasho, na walioamini kwamba baba akiomba radhi kwa mtoto nyumba itaanguka.

Mei 2021, alipotimiza miaka 96, Mzee Mwinyi alizindua kitabu cha maisha yake, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu. Wazee wetu wengi huondoka na hesabu zao kichwani, wakatuachia kubahatisha. Yeye aliiweka yake mezani, akiwa hai, apatikane wa kumsahihisha. Tarehe 2 Machi 2024 alizikwa Mangapwani, kulekule alikoanzia ualimu.

Basi kiongozi atakayemsifu tena jukwaani, kabla hajashuka atuambie ni lini naye atakuwa tayari kuondoka kwa kosa la walio chini yake. Na akina baba, hamdaiwi barua ya kujiuzulu wala kitabu. Mnadaiwa neno "nimekosa", mlitamke mbele ya mke au mtoto mliyemkosea, kwa jina lake, mkiwa na nguvu ya kulisema. Kama imani uliyonayo haiwezi kukutoa neno hilo kinywani, sijui unategemea kujibu nini siku utakapoulizwa na Mwenyewe.