Muwa Hauoti Msituni: Wifredo Lam na Udhaifu wa Dhana ya "Athari"

Katika uhakiki wa sanaa ya kisasa, neno "athari" limetumiwa mno na kuchunguzwa kwa nadra. Les Demoiselles d'Avignon, mchoro wa Picasso wa mwaka wa 1907, husemwa umeathiriwa na vinyago vya Kiafrika. Hata hivyo msanii husifiwa kuwa mbunifu. Achorapo Wifredo Lam, Mkuba aliyezaliwa mwaka wa 1902, husemwa ameathiriwa na Picasso, na sifa humrudia Picasso. Dhana inayompa mtu yule yule ushindi akopapo na akopeshapo si kigezo cha uhakiki; ni upendeleo.

La Jungla, yaani Msitu, mchoro ambao Lam aliukamilisha mwaka wa 1943, unatosha kuibomoa dhana hiyo. Wanaouona kama picha ya pori na ndoto za kale hawajautazama. Mashina yaliyosongamana humo ni ya miwa, na muwa hauoti msituni: hupandwa. Nchini Kuba ulipandwa na kukatwa na watumwa wa Kiafrika hadi utumwa ulipokomeshwa mwaka wa 1886. Mchoro huu basi ni historia ya shamba, si ngano ya pori.

Aidha, mama wa ubatizo wa Lam, Mantonica Wilson, alikuwa kuhani wa dini ya Kilukumi yenye asili ya Kiyoruba. Katika dini hiyo, anayepandwa na orisha huitwa farasi wake. Ndiyo maana mwanamke-farasi hujirudia katika kazi za Lam. Mswahili, ambaye humwita mwenye kupandwa na pepo "kiti", hahitaji Paris imfasirie sitiari hiyo.

Yamkini itajibiwa kwamba Lam alijifunza Ulaya kuanzia mwaka wa 1923. Ni kweli. Lakini Aimé Césaire, ambaye Lam alikutana naye Martinique mwaka wa 1941, alitunga kwa Kifaransa, na hakuna mhakiki makini amwitaye mwangwi wa Ufaransa. Anayemfunza mtu sarufi hawi mtunzi wa shairi lake.

Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York liliununua mchoro huo mwaka wa 1945, kisha likautundika kwa miaka mingi ushorobani, karibu na chumba cha makoti, ilhali Demoiselles ilikuwa kumbini. Kuhamisha mchoro ni kazi ya siku moja. Kazi iliyo ngumu zaidi ni ya wahakiki: kuacha kuwaandika Waafrika wa ughaibuni kama "athari" katika historia ya sanaa ambayo wao wenyewe ni waasisi wake.