Tahadhari: Msiyavunje Mabati ya Asbesto

Kama kuna jengo la zamani hapo kijijini kwenu Masama, Kilimanjaro, linalosubiri kuezuliwa kabla ya Krismasi, simamisheni kazi kwanza mlitazame paa lake. Mabati yakiwa mazito, ya kijivu, manene kuliko bati la kawaida, yenye mawimbi makubwa na yasiyoshika kutu, na yakigongwa hayalii kama chuma, yachukulieni kuwa ni ya asbesto mpaka mtaalamu athibitishe vinginevyo. Mtu asiyapige nyundo. Asiyakate kwa msumeno wala grainda. Asiyarushe chini kutoka juu ya kenchi. Watoto waondolewe hapo.

Haraka hii ina sababu. Mwisho wa mwaka ndio msimu wa ukarabati huku mlimani. Walioko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hutuma fedha mapema ili wakija kula sikukuu wakute nyumba ya mzee imeezekwa upya kwa bati la rangi. Bati la zamani nalo halitupwi. Jirani ataliomba aezekee banda la ng'ombe, mwingine banda la kuku, na vipande vilivyobaki vitashindiliwa kwenye mashimo ya njia ya kwenda kihambani kwenye migomba, ambako magari na pikipiki zitavisaga kila siku. Hapo sumu iliyokuwa juu ya jengo moja inakuwa imegawiwa kaya kwa kaya, bure, kwa nia njema.

Asbesto ni madini ya nyuzinyuzi. Hayaungui, hayaozi na huzuia joto, ndiyo maana viwanda viliyapenda. Yalichanganywa na saruji, kwa kawaida kiasi cha asilimia 10 hadi 15, yakatoka mabati, vibao vya dari na mabomba ya maji. Majengo mengi ya umma ya miongo iliyopita nchini Tanzania, yakiwemo madarasa, zahanati na nyumba za watumishi, yaliezekwa kwa mabati hayo, na Masama haina sababu ya kujiona imesalimika.

Bati likiwa zima, saruji huzishika nyuzi zisitoke, kwa hiyo anayelala chini ya paa zima la asbesto hana haja ya kukimbia usiku. Hatari huanza bati linapovunjwa, kukatwa, kutobolewa au kusuguliwa. Kwenye miteremko yenye mvua nyingi kama yetu, kuvu na majani ya kijani huota juu ya paa la zamani na kulidhoofisha taratibu. Anayepanda kulikwangua kwa brashi ya chuma ili akinge maji safi ya mvua anazifungulia nyuzi mlango. Nyuzi hizo ni nyembamba mno kuliko unywele. Hazionekani kwa macho, hazina harufu wala haziwashi koo, na zinaweza kuelea hewani kwa saa nyingi. Zikishafika ndani kabisa ya mapafu, mwili hauna namna ya kuziyeyusha.

Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Kuna saratani ya mapafu, ya koo la sauti na ya ovari, na kuna mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo. Kuna pia asbestosisi, ambapo mapafu hujaa makovu na kukakamaa hadi pumzi inakuwa fupi. Kwa makadirio ya shirika hilo, mwaka 2016 zaidi ya watu 200,000 duniani walikufa kwa sababu ya asbesto waliyoivuta kazini. Mvutaji sigara aliyevuta pia vumbi hili hatari yake ya saratani ya mapafu huongezeka maradufu na zaidi. Na kinachowadanganya wengi ni muda: mesothelioma huchukua kati ya miaka 20 na 50 kujitokeza. Kijana anayeezua darasa leo akiwa na miaka 22 anaweza kujihisi mzima kabisa mpaka awe na wajukuu.

Askari wa majini wa Marekani na Uingereza walilijua hilo wakiwa wamechelewa. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1970, manowari zao zilijaa asbesto kwenye boila, mabomba ya mvuke na vyumba vya injini. Vijana waliorudi kutoka baharini bila jeraha walianza kukosa pumzi wakiwa wazee. Uingereza, askari aliyedhurika kabla ya 1987 hakuruhusiwa hata kuishtaki serikali, na ilikuwa mwaka 2016 ndipo wastaafu wa jeshi wenye mesothelioma walipoanza kulipwa pauni 140,000 kwa mkupuo. Marekani, kampuni ya Johns-Manville ilielemewa na kesi hadi ikaomba kinga ya ufilisi mwaka 1982, kisha ukaundwa mfuko wa kuwalipa wagonjwa. Afrika Kusini, watu wapatao 7,500 waliougua kutokana na migodi na viwanda vya kampuni ya Uingereza ya Cape walipigania haki ya kusikilizwa London, wakaipata mwaka 2000, na malipo yakaafikiwa mwaka 2003.

Fidia hizo zilichelewa, na wengi walikufa wakizisubiri. Lakini waliolipwa waliweza kuonyesha walikuwa wapi: jina katika kitabu cha meli, kadi ya mgodini, anwani ya kijiji kilicho jirani na kiwanda. Fundi wetu wa Masama anaitwa asubuhi kwa simu, analipwa jioni mkononi, na jina lake haliandikwi popote. Waliojitokeza kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, kuezua shule hawalipwi kabisa. Miaka 30 baadaye hakutakuwa na mwajiri wa kuulizwa, wala karatasi ya kumwonyesha hakimu.

Tanzania ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliundwa kwa sheria ya 2008. Unachangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi kitu. Ugonjwa ukithibitishwa kuwa umetokana na kazi, mfuko hugharamia matibabu, hulipa kwa ulemavu wa muda au wa kudumu, na mfanyakazi akifariki hutoa msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi wake. Madai yana ukomo wa miezi 12, kwa hiyo aliyegundulika asikae na cheti sandukuni. Lakini mlango huo hufunguka kwa aliyeajiriwa na mwajiri anayetambulika. Kibarua wa siku moja asiyeandikwa popote anaweza kubaki nje.

Ndiyo maana shule, kanisa, chama cha ushirika au ofisi ya kijiji inayotaka kuezua paa la namna hii isimwite kibarua. Itafute mkandarasi aliyesajiliwa, anayechangia WCF na anayejua kazi ya asbesto, na majina ya wote watakaopanda paani yaandikwe kwenye mkataba. Kabla ya hapo, mtendaji wa kijiji na bwana afya waarifiwe, nao wawasiliane na NEMC, inayosimamia mazingira, na OSHA, inayosimamia usalama kazini, ambazo ofisi zao za Kanda ya Kaskazini ziko Arusha. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, taka hatarishi hazisafirishwi wala kuzikwa bila kibali. Kuyafukia mabati haya mgombani au kuyasukumia korongoni ni kosa, na ni kumwachia deni atakayelima hapo baadaye.

Na kama paa limeshavunjika, pengine kwa upepo au mti ulioanguka, fanyeni haya wakati mnasubiri wataalamu. Watu na mifugo wakae mbali. Vipande vilowanishwe kwa maji taratibu, visifagiliwe vikavu. Visichomwe moto. Vifunikwe kwa nailoni nene ili upepo usivipeperushe. Barakoa ya kitambaa, au ile ya bluu ya hospitali, haizuii nyuzi hizi. Inayofaa ni ya kiwango cha P3. Nguo zilizoshika vumbi zisiingizwe ndani na mama asipewe azikung'ute, kwani wako wanawake waliougua mesothelioma ambao kazi yao ilikuwa kufua ovaroli za waume zao.

Tahadhari hii inawahusu pia mafundi wa magari wa Bomang'ombe wanaopuliza vumbi la breki na klachi za zamani kwa upepo wa kompresa, na wazee wetu waliofanya kazi kwenye boila za treni, meli au viwanda. Mzee akianza kuchoka kupanda kilima alichokipanda maisha yake yote, akakohoa kikohozi kikavu au akajaa maji kifuani, mara nyingi hudhaniwa ana kifua kikuu. Apimwe kifua kikuu, lakini amweleze daktari kazi zote alizowahi kufanya na miaka yake, hata kama hajaulizwa. Hatuko mbali na msaada. Hospitali ya Kibong'oto huko Siha ina uzoefu wa magonjwa ya mapafu yatokanayo na kazi, yakiwemo ya wachimbaji wa Mirerani wanaougua kwa vumbi la mawe, na hospitali ya KCMC iko Moshi mjini. Mstaafu asijihukumu mwenyewe kwamba haki yake imepita. Apeleke madai WCF na adai jibu la maandishi.

Wewe fundi uliyekwisha kuezua mapaa haya miaka ya nyuma, chukua daftari leo. Andika jengo, mwaka, aliyekupa kazi na wenzako mliokuwa nao, umpe mwanao nakala. Na kazi ya asbesto ikija tena bila mkataba wala kinga, ikatae, hata kama mwenye nyumba ameshafika kutoka Dar na sikukuu ni wiki ijayo.