Msimwambie mwenye dhiki kwamba dhiki yake ni ndoto

Siku hizi ukifungua simu hukosi mwalimu wa utulivu anayekwambia kwamba nafsi ni kiini macho, kwa hivyo hata mateso yako ni kiini macho. Keti, vuta pumzi, yatapita. Husemwa kwa jina la Buddha, na wakati mwingine kwa jina la wanafalsafa wa Kihindi wa Advaita, wanaofundisha kwamba vyote ni kimoja. Mimi ni mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana huku Jericho, Eastlands, Nairobi. Napinga mafundisho hayo kwa moyo wangu wote, kwa sababu Buddha mwenyewe hakuyasema.

Mahubiri yake ya kwanza, aliyowapa watu watano pale Sarnath karibu na Varanasi, yalianza na mateso: kuzaliwa, kuzeeka, kuugua, kufa, kutengana na uwapendao, kutaka na kukosa. Aliyaita kweli. Chanzo chake akasema ni kiu ya kung'ang'ania mambo yasiyoshikika. Alichokikana ni yule "mimi" tunayemdhania ndani yetu, asiyebadilika, aliyejitosheleza, asiyehusiana na mtu.

Mfalme Milinda, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India ya kale, alimsumbua mtawa Nagasena kwa swali hilo hilo la nafsi. Nagasena akamgeuzia swali kwa gari la farasi alilokuja nalo: gari ni magurudumu? Ni ekseli? Ni kiti? Kila mara mfalme akajibu hapana. Sisi angetuuliza kuhusu nganya ya 58 ya Buruburu. Chasisi ilikuja na jina la Isuzu, bodi ikaundwa karakana ya hapa hapa Nairobi, rangi imebadilishwa, injini imefunguliwa, dereva na makanga ni wengine kabisa, na bado tunasema "ile ile". Iko wapi hiyo "ile ile"? Ni jina tu tulilovipa vitu vilivyokutana. Lakini ikikugonga pale Jogoo Road, mguu utavunjika kwelikweli, na hapo ndipo walimu wa simu wanapopotea njia.

Wafuasi wa Shankara, aliyefundisha Advaita karne ya 8, hawakubaliani na Wabuddha. Wao wanasema nafsi ya kweli ipo, nayo ni moja kwa wote. Wabuddha wanasema hakuna nafsi ya kudumu hata moja. Ubishi huo una karne nyingi, sitauamua mimi. Ila pande zote mbili zinauvunja ukuta unaotenga dhiki yangu na yako.

Wala kumhoji huyu "mimi" si ugeni kwetu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi Mwislamu, alitunga Al-Inkishafi akiusemesha moyo wake mwenyewe, akiuonyesha majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu ili uache kudanganyika na dunia. Hakusema watu wale hawakuwapo. Aliwalilia.

Kati ya visa vyote vya Buddha, kinachonikaa zaidi ni cha Kisa Gotami. Alifiwa na mtoto, akambeba maiti mlango kwa mlango akitafuta dawa. Buddha akamwambia alete mbegu za haradali, kiungo cha kila jikoni, ila zitoke nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Haradali alipewa kila alikobisha. Nyumba aliyoagizwa hakuipata. Mwisho akaenda kumzika mwanawe. Buddha hakumwambia mtoto ni ndoto. Alimtuma kwa majirani.

Mimi kazi yangu ni hiyo, kubisha milango nikiwa na kitabu cha mchango. Huku nyumba za kanjo zimebanana, na ukifiwa leo, jioni kuna viti vya plastiki nje na watu wanapanga basi la kwenda Siaya au Kakamega. Kwa msiba tunajua kwamba ni wetu sote. Tatizo ni dhiki isiyo na jeneza. Nimemwona mwanamume aliyeachishwa kazi akiendelea kutoka alfajiri na kushuka Enterprise Road kana kwamba anaingia zamu, ili ploti isijue. Nimewaona vijana waliomezwa na kamari na mikopo ya simu wakizima laini zao na kujifungia. Wanamlinda yule "mimi" mwenye kazi, mwenye heshima, ambaye ameshaondoka. Kumlinda huko kunawaumiza kuliko ile hasara.

Na sisi tumesaidia kuwafungia. Hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka wa 1910, tumeifanya tusi. Sheria nayo, katika kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka 2, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Miaka yote hiyo mtu aliyezidiwa alikuwa na sababu ya kuogopa kumwambia jirani, kwa kuwa baada ya jirani huenda angekuja polisi. Namshukuru jaji kutoka moyoni. Lakini hukumu ya mahakama haibishi mlango.

Kwa hivyo ninapendekeza tubadilishe katiba ya chama chetu, na vyama vingine vya Maringo, Kaloleni na Umoja vifikirie hivyo hivyo. Hazina ifunguliwe kwa aliye hai pia. Mwanachama akionekana amezama, wawili wamtembelee, chama kilipe nauli na ada ya mshauri au daktari, na jina lake lisisomwe mkutanoni mpaka atake mwenyewe. Wazee wameniambia pesa zitakwisha. Mimi ndiye ninayeandika hesabu: ninajua gharama ya jeneza, mochari na kusafirisha maiti, na ninajua kwamba ada ya mshauri haikaribii hapo. Mwenyekiti amekubali jambo hili liwe ajenda ya pili ya mkutano ujao, mara tu baada ya kusomwa kwa kumbukumbu.